Tangi la Matumbawe (3): Kuanza Upya

Tangi la matumbawe likishakufa halifufuki kwa kumwaga maji mapya na kununua samaki wengine. Kilichopotea ni zaidi ya wanyama walioonekana kupitia kioo. Pamoja nao hupotea mabilioni ya bakteria waliokuwa wakisafisha maji usiku na mchana, na hao hawauzwi wakiwa wamekwisha kuzoea mahali pao. Kuanza upya ni kuwalea hao kwanza. Mfugaji anayetanguliza matumbawe na samaki huwaweka kwenye maji yasiyo na mlinzi, na mara nyingi tangi la pili hufa kwa sababu ileile iliyoua la kwanza.

Sababu hiyo kwa kawaida ni mlolongo. Umeme unakatika usiku, pampu zinasimama, oksijeni inapungua majini. Samaki mmoja anakufa nyuma ya jiwe, mwili wake unaoza na kutoa amonia. Maji ya bahari yana pH ya karibu 8.2, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyobaki katika hali yake ya sumu. Kwa hiyo kiasi ambacho samaki wa maji baridi wangekivumilia huwadhuru wa bahari. Anayefuata kufa huongeza amonia, na wa tatu vivyo hivyo. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni kifaa cha bei nafuu kinachokatiza mlolongo huo, na katika nchi ambazo umeme hukatika mara kwa mara inastahili kununuliwa kabla ya taa.

Kabla ya kununua chochote, vilivyobaki huchambuliwa. Vioo, pampu na taa husafishwa na kutumika tena. Maji ya zamani humwagwa. Mchanga wa zamani nao ni wa kutupa, hata kama kuusafirisha na kuulipia kuliuma: katika tabaka zake za chini, ambako oksijeni haifiki, hukusanyika uchafu wa miaka na gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya mayai viza. Ukivurugwa na kurudishwa, hutoa vyote hivyo kwa mara moja.

Uamuzi mgumu ni juu ya mawe, kwa kuwa ndiyo moyo wa tangi. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, aliandika katika jarida la Kimarekani la Tropical Fish Hobbyist jinsi alivyofuga matumbawe kwa kutumia maji ya bahari, mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe wake, na mapovu ya hewa. Wafugaji wa Ujerumani, hasa wa Berlin, baadaye waliongeza taa kali na chombo cha kuengua povu, na mpangilio wao ndio unaofuatwa hadi leo katika nyumba nyingi. Katika mifumo yote miwili kazi ya kusafisha maji hufanywa na jiwe lenye vinyweleo: juu yake wanaishi bakteria wanaohitaji oksijeni, na ndani kabisa wanaishi wale wasioihitaji, ambao huigeuza naitreti kuwa gesi ya nitrojeni ikapotelea hewani.

Vinyweleo hivyohivyo hunyonya mabaya. Jiwe lililokaa miaka katika tangi lililolishwa kupita kiasi limejaa fosfeti, nalo huitoa polepole kwa miezi na kuotesha mwani. Jiwe lililowahi kukaa katika maji yenye dawa ya shaba, inayotumika kuua vimelea vya samaki, halifai tena kwa matumbawe, kwa sababu shaba hushika kwenye chokaa ya jiwe na kuachia kidogo kidogo, na kamba, konokono na matumbawe hawaivumilii hata ikiwa kidogo sana. Jiwe lisilo na historia hiyo linaweza kuokolewa. Hulowekwa siku kadhaa katika maji yenye klorini ya kufulia, husuuzwa mara nyingi, kisha huanikwa juani hadi likauke kabisa. Klorini haichanganywi kamwe na siki wala asidi yoyote, maana mchanganyiko huo hutoa gesi inayoua. Jiwe likikauka hivyo, viumbe wote wasumbufu wamekufa, wakiwemo wale anemoni wadogo wa jenasi Aiptasia wanaochoma matumbawe na kuzaliana upya kutokana na kipande kidogo tu cha mwili.

Maji mapya hupatikana kwa njia mbili. Anayeishi mbali na pwani hununua chumvi maalumu na kuichanganya na maji yaliyochujwa kwa kusukumwa kupita kwenye utando mwembamba. Maji ya bomba hayatoshi, kwani hubeba klorini, fosfeti, na pengine shaba ya mabomba. Lengo ni gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo ya maji, kwa hiyo tangi la lita 200 hula kilo 7 au zaidi kidogo. Chumvi ya mezani haifai: sodiamu na kloridi ni takriban asilimia 86 ya chumvi za bahari, na katika asilimia 14 inayobaki ndimo ilimo magnesiamu, salfeti, kalsiamu na potasiamu, ambazo tumbawe haliwezi kuishi bila hizo.

Anayeishi pwani anaweza kuchota baharini, na hapo elimu ya wavuvi ina thamani kuliko vipimo vya dukani. Maji bora huchotwa wakati bahari imejaa, mahali palipo mbali na bandari, mifereji na midomo ya mito. Msimu wa masika si wakati wake: Mto Sabaki huitia bahari ya Malindi tope jekundu linaloonekana kwa macho, na mvua kubwa hupunguza chumvi kwenye maji ya juu. Maji yakishachotwa huchujwa kwa kitambaa kizito na kupimwa kabla ya kutumika.

Joto linalotakiwa ni nyuzi 24 hadi 27. Nairobi au Arusha tangi linahitaji hita. Mombasa na Dar es Salaam tatizo ni kinyume, hasa Februari na Machi, na feni inayopuliza uso wa maji hupunguza nyuzi kadhaa kwa kuyafanya yapande kama mvuke. Kinachopanda ni maji tu, chumvi hubaki. Ndiyo maana upungufu wa kila siku hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi. Anayejaza kwa maji ya bahari huongeza ukali wa chumvi kila siku hadi wanyama washindwe, huku maji yakionekana safi kabisa.

Baada ya mawe, mchanga mpya, maji na pampu kuwa tayari, tangi huachwa bila mnyama yeyote. Kipande kidogo cha kamba wa kuliwa huwekwa kioze na kutoa amonia. Kundi la kwanza la bakteria huila na kutoa nitraiti, ambayo pia ni sumu. Kundi la pili, linalokua taratibu zaidi, huigeuza nitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Vipimo vya kila baada ya siku mbili au tatu huonyesha amonia ikipanda na kushuka, kisha nitraiti ikifuata njia hiyohiyo. Kwa mawe makavu kazi hii huchukua wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Imekamilika pale amonia iliyoongezwa leo inapokuwa imetoweka kesho, na nitraiti pamoja nayo. Tarehe kwenye kalenda si ushahidi. Kipimo ndicho ushahidi.

Hufuata kipindi kinachowavunja moyo wengi. Utando wa kahawia huenea juu ya mchanga na vioo, kisha mwani wa kijani wenye nyuzi kama nywele. Tangi linaonekana limeharibika kumbe linakua. Dawa za kuua mwani humrudisha mfugaji nyuma. Linalosaidia ni kupunguza saa za taa, kung'oa nyuzi kwa mkono, kubadilisha sehemu ya maji kila wiki, na kuingiza konokono wachache wanaokula mwani. Dalili njema ni madoa ya waridi na zambarau yanayoanza kutambaa juu ya mawe: huo ni mwani wa chokaa, na hustawi pale maji yanapotulia.

Wanyama hupatikana kwa njia halali au hawapatikani. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, hivyo hayavuki mpaka bila kibali. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, na katika mwamba wa kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, hairuhusiwi kuchukua kitu. Miamba ya pwani hii ilipauka vibaya katika joto la mwaka 1998, na kung'oa tumbawe lililosalimika ili likae sebuleni ni hasara isiyo na udhuru. Vipandikizi vilivyokatwa kutoka kwa matumbawe yaliyokuzwa kwenye matangi vipo, na tayari vimezoea maisha ya kufungwa.

Matumbawe laini huingia kwanza. Taa hupandishwa nguvu pole kwa pole kwa wiki kadhaa, kwa kuwa ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi viumbe wadogo wa rangi ya kahawia wanaolitengenezea chakula kwa mwanga, na mwanga wa ghafla huwafanya watoke, likapauka. Samaki huja mmoja mmoja, kila mmoja akiwa ametengwa kwanza katika tangi dogo. Kimelea Cryptocaryon irritans, kiletacho madoa meupe, kikishaingia kwenye tangi kuu hakitoki hadi samaki wote waondolewe kwa takriban wiki 11.

Matumbawe magumu yenye matawi, ya jenasi Acropora, hungoja nusu mwaka au zaidi. Hayo hujenga mifupa kwa kalsiamu na kabonati, na tangi lenye mengi humaliza akiba ya maji upesi. Kalsiamu hudumishwa kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita. Njia ya zamani na nafuu ya kuirudisha ni maji ya chokaa iliyozimwa, ileile iliyopatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe na kujengea nyumba za Lamu na Mji Mkongwe, ingawa ya tangi lazima iwe safi kuliko ya waashi. Hudondoshwa polepole usiku pamoja na maji ya kufidia mvuke, kwa kuwa hupandisha pH haraka. Kalsiamu na kabonati hupimwa kila wiki, na kiwango cha matone hurekebishwa kadiri matumbawe yanavyoongezeka ukubwa.