UZI: Vituo vya kuchaji vya stima mashinani, tuwaulize nini wanaoahidi?

1/ Kwenye midahalo mgombea mmoja anaahidi "kituo cha kuchaji magari ya stima kila wadi." Mpinzani anamjibu, "Hayo ni mambo ya matajiri wa Nairobi." Wote wanapigiwa makofi, na hakuna aliyetaja transfoma. Wacha nieleze kwa nini ingefaa itajwe.

2/ Chukua mji kama Mutomo kule Kitui, kwenye barabara ya kwenda Kibwezi. Pale usafiri wa kila siku ni boda. Kwa hivyo mashinani, chaji ni swali la mtu wa boda kabla ya kuwa la mwenye gari. Njia ziko tatu.

3/ Njia ya kwanza ni soketi ya kawaida ya ukutani. Inatoa kama kilowati 3. Betri ya boda ya yuniti 3 inajaa kwa saa chache ukiwa umelala. Gari lenye betri ya yuniti 40 litakaa hapo zaidi ya saa 13. Ni polepole, lakini haihitaji uzinduzi.

4/ Ya pili ni kubadilisha betri. Unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, unaendelea na safari. Shida ni kwamba betri ya kampuni moja mara nyingi haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Mji ukiwa na kituo cha kampuni moja tu, bei ikipanda huna pa kukimbilia. Wakifunga, umebaki na chuma, na labda mkopo bado unalipa.

5/ Ya tatu ni chaja ya kasi, tuseme ya kilowati 50. Hiyo ndiyo hupendeza kwenye picha. Lakini transfoma ya kVA 50 ni saizi ya kawaida sana vijijini. Chaja moja inaimeza yote, na laini hiyo hiyo ina mashine ya kusaga, saluni na zahanati. Bila transfoma yake yenyewe, jirani ndiye atakaa gizani.

6/ Nani anunue hiyo transfoma? Jedwali la Nne la Katiba linawapa kazi wote wawili: sera ya kawi ni ya serikali ya kitaifa, na usambazaji wa stima pia umetajwa kwenye orodha ya kaunti. Leseni za biashara, masoko na maegesho ni za kaunti. Kwa hivyo ukiambiwa "hiyo si kazi yetu," uliza ni sehemu gani si yao.

7/ Bei je? Mwaka 2023 EPRA iliweka bei maalum ya kuchaji: sh16 kwa yuniti, na sh8 saa ambazo matumizi ni ya chini, kabla ya kodi na tozo nyingine. Betri ya yuniti 3 inakuwa sh48 au sh24. Kumbuka hiyo ni bei ya mwenye mita. Mtu wa boda anaweza kulipa tofauti kabisa.

8/ Wapinzani pia wana hoja nzito, ila huwa hawaitumii. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli ina sh25 za kutengeneza barabara, kutoka sh18. Anayetumia stima hailipi kwenye pampu, kwa sababu hafiki kwa pampu. Lami italipwa na nani?

9/ Maoni yangu: mji mdogo uanze na soketi salama sokoni na kwenye steji za boda, zenye mita yake. Kisha vituo vya betri, kaunti ikitoa nafasi kwa zaidi ya kampuni moja. Chaja za kasi ziende barabara kuu, penye laini ya kuzibeba.

10/ Akija kuomba kura, muulize manne: Transfoma ni ya nani? Mtu wa boda atalipa ngapi kwa betri moja? Betri za kampuni ngapi zitahudumiwa? Kikiharibika, nani anatengeneza? Akijibu mawili vizuri, tuletee majibu hapa chini.