Marehemu anaposimulia: filamu ya Lumumba na usiku wa Katanga

Katika filamu za uhalifu za Marekani za miaka ya 1940, zile nyeusi na nyeupe zilizojaa vivuli, mara nyingi muuaji anajulikana mapema. Double Indemnity ya Billy Wilder (1944) ina asili yake katika kisa cha kweli cha New York cha mwaka 1927: mke na hawara yake walimuua mume, na fedha za bima zikiwa ndani ya hesabu yao. Anayesimulia ni mhalifu mwenyewe, ana risasi mwilini. Mwaka 1950 Wilder akathubutu zaidi: Sunset Boulevard inasimuliwa na maiti. Kinachomshika mtazamaji ni namna uovu ulivyopangwa, na nani alifuta alama zake.

Raoul Peck, Mhaiti aliyeishi Kongo utotoni, alishika njia hiyo katika Lumumba (2000). Haanzi na kuzaliwa kwa shujaa. Anatuingiza usiku, sauti ya Lumumba ikisimulia, na Wazungu wawili wakihangaika kuangamiza miili.

Hilo hakulibuni. Tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walishushwa uwanja wa ndege wa Luano, Katanga, wakateswa katika nyumba ya Brouwez, na usiku uleule wakapigwa risasi Shilatembo mbele ya Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Baadaye Gerard Soete, polisi Mbelgiji, na mwenzake wakafukua maiti, wakazikatakata na kuziyeyusha kwa asidi. Tarehe 13 Februari waziri wa Katanga, Godefroid Munongo, akatangaza kwamba wafungwa walitoroka, wakauawa na wanakijiji.

Ndiyo maana Peck anaanza na wale wafukuaji: ule uongo unavunjwa kabla hadithi haijaanza. Kisha anamleta Mobutu, aliyechezwa kwa utulivu wa kutisha na Alex Descas. Ni msaidizi wa Lumumba anayekaa karibu, anayesikiliza kuliko kusema. Katika filamu za aina hii msaliti hutoka mezani pako.

Linaloniuma ni kwamba filamu ilirekodiwa Zimbabwe na Msumbiji. Pori tunaloliona si letu. Nayo inazungumza Kifaransa. Wazee waliosikia tangazo la Munongo wakiwa katika mitaa yetu ya Lubumbashi, Kenya, Katuba au Kamalondo, wanazidi kupungua. Wenye kumbi na walimu wa Lubumbashi, ionyesheni mtaani, awepo wa kuifasiri kwa Kiswahili, na wazee wapewe nafasi ya kusema mbele ya vijana.