Rangi ya Noeli juu ya ukuta uliolowa

Ndugu wachimbaji, mama zetu munaotwanga mawe, na ninyi munaotungojea nyumbani Baraka, Misisi, Lulimba na Fizi-Centre, Noeli inakaribia. Kila mwaka ni vile vile. Mwenye kupata grama zake shimoni anarudi na wazo moja: nyumba ipate rangi mpya mbele ya Bonane, wageni wasikute ukuta wa matope. Wazo lenyewe si baya. Shida ni mwezi. Kwetu mvua inaanza Septemba ao Oktoba na inaendelea mpaka Mei. Ikifika Desemba, ukuta umekwisha kunywa maji.

Mimi mwenyewe niliingia katika mtego huo. Miaka michache iliyopita nilikopa feza kwa PDG wa shimo, nikanunua rangi ya mafuta, ya buluu. Fundi akaniambia: «Papa, tungojee kidogo, huu ukuta ungali na maji.» Nikamujibu kwamba Bonane haingojee mutu. Siku ya Noeli majirani walitusifu. Katikati ya Januari ukuta ukatoa malengelenge. Februari rangi ikaanza kubanduka vipande vipande. Mama watoto akabonyeza tofali kwa kidole, kidole kikaingia. Deni nililimaliza Aprili, na nyumba ilikuwa mbaya kuliko mbele.

Sababu yake ni hii. Rangi ya mafuta inafunga ukuta kama sashe ya plastiki. Maji yanapanda kutoka chini, yanaingia katika nyufa, yanarukia ukuta mvua inapopiga chini. Jua likiwaka yanatafuta njia ya kutoka, yanakuta rangi imefunga, yanaisukuma. Kama tofali ni la udongo lisilochomwa, maji yanabaki ndani na tofali linakuwa laini. Kwa macho nyumba inameta, kumbe ndani inaoza.

Sisi wa shimo tunajua udongo uliolowa. Kamituga, tarehe 11 Septemba 2020, kisha mvua kubwa, maji yaliingia katika mashimo ya dhahabu na watu kama 50 waliripotiwa kufa. Kila asubuhi tunagusa udongo mbele ya kushuka. Kwa nini tukifika nyumbani tunaacha kugusa?

Feza yako iende kwanza kule maji yanakotokea. Bati litoke inje ya ukuta, nusu metre ao zaidi, lisimwage maji ukutani. Chimba mufereji wa kupeleka maji mbali na nyumba. Panga mawe chini ya ukuta, hapo maji yanaporukia. Ziba nyufa. Kazi hizi hazionekane kwenye picha ya Bonane, lakini ndizo zinaokoa nyumba.

Kisha pima ukuta. Kata sashe ya plastiki, ibandike ukutani kwa skochi pande zote ine, ngoja siku moja nzima. Ukikuta matone nyuma yake, rangi ingojee. Na kama umepiga siminti mupya ukutani, ngoja karibu wiki ine mbele ya kupaka, na wakati wa mvua zaidi ya hapo.

Kuna watu hawawezi kungojea: kuna harusi, kuna wageni. Hao watumie chokaa. Chokaa inaacha ukuta upumue, na bei yake si ya kukuingiza katika deni. Ichanganye iwe nyepesi kama maziwa, uipake mara tatu ao ine, kila safari uiache ikauke. Mvua ikiikuta siku ile ile itaosha kazi yote. Kwa hiyo anza jua likisha kukausha umande, na umalize mapema, mawingu ya mangaribi hayajapanda. Angalisho moja: kama chokaa yako ni ya mawe, haijazimwa, mimina chokaa polepole ndani ya maji, usimwage maji juu yake. Inachemka na kuruka. Macho yakiguswa yanaungua. Watoto wakae mbali.

Mwenye kutaka rangi ya duka, anunue ile ya maji kuliko ya mafuta, na angojee. Januari na Februari mara zingine mvua inapumzika siku kazaa. Hapo sashe itakuambia kama ukuta umekauka. Lakini wakati wa kweli ni Juni mpaka Agosti. Kiangazi ukuta unakauka mpaka ndani, na fundi hakimbizane na mawingu.

Katika mikutano yetu tunasema sana juu ya bei ya grama na juu ya deni za shimo. Deni ya rangi nayo ni deni ya shimo: unailipa kwa kushuka siku ambayo ungekataa kushuka, siku mvua imenyesha usiku kucha na unaona kabisa kama shimo ni baya. Wenye kazi moja munaweza kuweka kidogo kidogo pamoja tangu sasa, na Juni munapaka nyumba moja moja, kwa kusaidiana.

Mwaka huu kwangu wageni watakuta chokaa nyeupe na mufereji mupya. Wakiuliza buluu ilienda wapi, nitawaonyesha tofali lile lenye alama ya kidole.