OMAN NA TANZANIA: MAISHA BORA YANAPIMWA VIPI?



Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi hutujia madrasa na swali lile lile: "Maalim, huyu aendelee na masomo au tumpeleke Oman?" Hatushangai. Hapa Unguja na Pemba nyumba nyingi zina jamaa Maskati, na habari zinazotoka huko ni za barabara pana, umeme usiokatika na mshahara wa riali. Lakini kabla ya kusema nchi fulani ina maisha bora kuliko nyingine, kwanza tujue maisha ya nchi hupimwa vipi. Hilo ndilo tunalokusudia kulieleza hapa.

VIPIMO VITATU

Zamani wataalamu walitazama fedha tu. Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ya kwanza ya maendeleo ya binadamu, iliyoongozwa na mchumi wa Pakistan, Mahbub ul Haq. Yeye na wenzake walisema fedha peke yake haitoshi. Wakaweka vipimo vitatu: miaka ambayo mtoto anayezaliwa anatarajiwa kuishi, elimu, na kipato.

Kipato nacho hakihesabiwi kwa kubadilisha fedha tu, bali kwa kutazama kinanunua nini pale pale kinapotumika. Riali moja ikibadilishwa huwa shilingi nyingi, lakini kodi ya nyumba Maskati hailipwi kwa shilingi.

Kwa vipimo vyote vitatu, leo Oman iko mbele ya Tanzania. Mtoto anayezaliwa Oman anatarajiwa kuishi zaidi ya miaka 75, na wa Tanzania miaka sitini na kitu. Ripoti hizo huiweka Oman katika kundi la juu kabisa, na Tanzania iko chini yake kwa mbali.

MWAKA 1970 HALI ILIKUWAJE?

Wanafunzi wengi hudhani Oman ilikuwa hivyo tangu zamani. Sivyo. Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na skuli 3 tu za serikali zenye wanafunzi wapatao 900, wote wavulana, na barabara ya lami ya kilomita kama 10. Wakati huo Zanzibar ilikuwa imekwisha kutangaza elimu bila malipo tangu mwaka 1964. Aidha, mwezi wa Julai 1970, mwezi ambao Sultan Qaboos alishika utawala wa Oman, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kujitegemea kama chuo kikuu kamili. Oman ilipata chuo kikuu chake mwaka 1986.

Ndiyo maana Waomani waliosomea Zanzibar na kurudi huko miaka ya 1970 walihitajiwa sana. Walikuwa walimu, wauguzi, makarani na mafundi. Mzani wa elimu siku zile ulielemea upande wetu.

Kilichobadilisha hali ni mafuta, yaliyoanza kuuzwa nje mwaka 1967. Lakini mafuta hayakutosha peke yake, kwani ziko nchi zilizopata mafuta na watu wake wakabaki katika dhiki. Oman iliyageuza kuwa skuli, hospitali na barabara, tena kwa watu wasiofika milioni moja wakati ule. Ripoti ya mwaka 2010 ilitazama nchi 135 kwa miaka 40, ikaikuta Oman ndiyo iliyopiga hatua kubwa kuliko zote. Tanzania, kwa upande wake, ilihesabu watu zaidi ya milioni 61 katika sensa ya 2022. Mkate ukigawiwa wengi, kila kipande huwa kidogo.

WASTANI SI MTU

Hapa tunaomba msomaji atulie. Takwimu zote hizi ni wastani. Tuchukue watu 10: mmoja anapata shilingi 910,000 kwa mwezi, na tisa waliobaki wanapata 10,000 kila mmoja. Jumla ni 1,000,000, na wastani ni 100,000. Lakini katika watu hao hakuna hata mmoja anayepata 100,000!

Oman nayo ina watu wa aina mbili. Katika sensa ya 2020, karibu watu 4 katika kila 10 walikuwa wageni. Mwenyeji husomeshwa na kutibiwa na serikali yake. Mgeni hukaa kwa kibali kilichofungwa na mwajiri wake, yaani kafili. Mfanyakazi wa nyumbani ana kanuni zake, mbali na sheria ya kazi ya jumla, na ndani ya nyumba ya watu hali yake hutegemea sana uadilifu wa mwenye nyumba. Wako binti zetu waliopata watu wema, wakajenga na kusomesha wadogo zao. Wako pia waliozuiliwa pasi zao na kurudi bila ya mshahara.

Kwa hiyo mzazi asiulize tu, "Oman kuzuri?" Aulize: mtoto wangu ataishi huko kama nani? Mkataba umeandikwa, na tumeusoma? Pasi itakaa kwa nani? Siku ya mapumziko ipo? Wakala amesajiliwa na Serikali? Na akirudi baada ya miaka miwili, atakuwa na ujuzi gani mkononi?

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa aliyeamka na amani, afya na chakula cha siku yake ni kama aliyepewa dunia nzima. Amani imetajwa hapo pamoja na chakula, na haimo katika vile vipimo vitatu. Tusiisahau tunapopima.

Na jibu letu kwa wazazi ni hili: elimu ndiyo iliyowapa heshima waliokwenda Oman miaka ya 1970. Mtoto amalize masomo kwanza. Akitaka kusafiri baadaye, asafiri na cheti chake.

Wabillahi tawfiq.