Maji ya motere yanaenda wapi? Mbele ya kumlipisha shofere, tupime

Kwenye njia ya Vitshumbi kuna maneno yanayoweza kumaliza akiba ya familia kumi kwa siku moja: jointi ya kilasi. Kamio inachemka, maji ya radiatere yanapungua, mekanisie anafungua kapo, anaangalia dakika mbili, kisha anasema: “Jointi ya kilasi imeungua.” Hakuna anayemuuliza amejuaje. Swali linalofuata ni moja tu, nani atalipa, na macho yote yanamgeukia shofere.

Siye watu wa sendika ya wachimbaji tumejiingiza katika mambo haya juu ya lile swali. Kwenye shimo, motopompi kubwa ya mazutu ikisimama, maji yanajaa chini na timu nzima inakaa bila kazi. Kwenye ziwa, kamio ikisimama, samaki inaoza. Fasi zote mbili, wa kwanza kuambiwa “wewe njo umeua motere” ni yule anayeishika: shofere, ao kijana anayelinda pompi usiku. Wengi wetu hatuna kontra ya maandishi. Deni la motere linakatwa kwenye mifuko, kidogo kidogo, mpaka mtu anasahau lilianza lini. Tumeona watu wakilipa hivyo kwa miezi kitu ambacho hawakukiharibu.

Kwa wale wasiofika Vitshumbi: ni kijiji cha wavuvi kwenye upande wa kusini wa Ziwa Edward, ndani ya Parke ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Marabu wanatembea katikati ya watu kama watoza kodi. Samaki ya chumvi ya kule inaliwa na familia nyingi za wachimbaji, na pesa za shimo nazo zinaendaka kule: wamama wanaunganisha AVEC, bwana zao wanaongeza, wananunua kamio ya zamani. Kwa hiyo kamio ya samaki ni mali yetu pia, hata kama koltani haipandi ndani yake.

Njia yenyewe ni kali kwa motere. Ziwa liko kwenye mita karibu 920, Goma iko karibu 1,500. Kamio inatoka imejaa, inapita bonde lenye joto mpaka Rwindi, Mabenga, Kiwanja, Rutshuru. Kisha inaanza kupanda Rugari mpaka Kibumba, na Kibumba iko juu kuliko Goma yenyewe. Inapanda pole pole kwenye vitesi ya pili, upepo wa mbele ni kidogo, vantilatere peke yake njo inafanya kazi ya kupoza.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawafundishwi. Maji yanachemka kwa digri 100 kule chini kwenye bahari. Vitshumbi yanachemka kwa karibu 97, Goma kwa karibu 95. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka upesi zaidi. Kinachoyazuia ni bushoni ya radiatere. Ndani yake kuna resori, na juu yake kipimo kimeandikwa, mara nyingi 0.9 ao 1.1. Bushoni ya 0.9 iliyo nzima inafungia presha ndani, na hapo maji hayachemki mpaka yapite digri 115. Ikilegea, ao mtu akiifunga na mfuko wa plastiki kama tunavyoonaka, maji yatachemka na kutoka, hata kama motere haina ugonjwa wowote. Kitu kidogo hivi kinafaa kuangaliwa mbele ya kitu kingine chochote. Lakini mekanisie hapati pesa nyingi kwa kubadilisha bushoni, na siye tuseme kweli, hilo nalo liko ndani.

Jointi ya kilasi ni karatasi ngumu, ao chuma chembamba, inayokaa kati ya bloke ya motere na kilasi inayoifunika. Kazi yake ni kutenga majirani watatu wasiopatana: moto wa silindri, maji ya kupoza na mafuta ya motere. Ikikatika fasi moja, moto unaingia kwenye maji na kuyasukuma nje. Ikikatika fasi ingine, maji yanaingia kwenye silindri na kutoka kama moshi mweupe, ao yanaingia kwenye mafuta. Inaweza pia kutoboka upande wa nje tu, na maji yatiririke kwenye bloke. Kwa hiyo motere mbili zenye jointi iliyoungua zinaweza kuonyesha alama tofauti kabisa, na alama moja peke yake haitoshi.

Kamio tunayotaka kuisema ilikuwa ya AVEC moja ya wamama. Ilikuwa inapoteza lita tatu hivi kati ya Vitshumbi na Kiwanja, na chini ya kamio, fasi inaposimama, hapakuwa hata tone. Mekanisie akasema: “Motere inayakunywa, kwa hiyo ni jointi.” Shofere akaambiwa alete nusu ya bei, juu aliendesha bila kuangalia mshale wa moto. Siye tuliomba jambo moja tu: motere ilale mpaka ipoe kabisa, na asubuhi ipimwe mbele ya watu wote.

Tulianza na joji ya mafuta. Maji yakiingia kwenye mafuta, yanakuwa kama chai ya maziwa. Ya kamio yalikuwa meusi, sawa tu. Na hapa angalisho: utelezi mweupe kidogo chini ya bushoni ya mafuta peke yake si ushahidi, motere zinazofanya safari fupi kwenye baridi zinaufanyaka. Tena kamio nyingi zina radiatere ndogo ya mafuta kwenye ubavu wa bloke, nayo ikitoboka inachanganya mafuta na maji bila jointi kuguswa. Mtu anaweza kufungua kilasi nzima, kuifunga tena, na maziwa yakarudi.

Kisha tukajaza maji, bushoni ikabaki wazi, tukawasha. Mapovu ya mwanzo ni hewa iliyofungiwa, yanaisha. Yasipoisha, na yakizidi kila unapokanyaga aksere, huo ni moto unaoingia kwenye maji. Halafu tukazima, tukaiacha ipoe, tukafunga bushoni na kuwasha tena, mkono kwenye diriti ya juu. Diriti ikiwa ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja, motere ingali baridi, jointi inastahili kushukiwa sana, maana maji baridi hayana presha ya kufanya vile. Ya kamio ilibaki laini. Moshi mweupe nao haukukaa. Asubuhi ya Kibumba kila eshapoma inatoa moshi mweupe, huo ni mvuke wa baridi. Wa kuogopa ni ule unaoendelea motere ikiwa imepata joto.

Kipimo kilichotusaidia zaidi kilitoka kwa fundi wa kinga. Alichukua bushoni ya zamani, akashona valve ya kinga juu yake, tukaifunga kwenye radiatere ya baridi na kusukuma na pompi ya kinga yenye saa ya presha, mpaka kwenye ile namba iliyoandikwa kwenye bushoni. Ukipita namba hiyo unapasua radiatere mwenyewe. Kisha unangoja robo saa na tochi mkononi.

Tone la kwanza lilitoka kwenye tundu dogo chini ya pompi ya maji. Lile tundu limewekwa makusudi, likitoa maji ujue jointi ya pompi imechoka. La pili lilitoka kwenye diriti ya chini, nyuma ya kolie, fasi ambayo jicho halifiki, na pale palikuwa na ukoko mweupe wa maji yaliyokauka. Hiyo njo sababu hapakuwa tone chini: safarini maji yanatoka juu ya chuma cha moto na kukauka kabla ya kufika kwenye udongo. Motere haikuwa inakunywa kitu. AVEC ilinunua diriti na vya kutengeneza pompi, na shofere hakulipa.

Kama kipimo hiki kinaonyesha presha inashuka na nje hakuna tone, hapo unatoa enjektere na kuangalia ndani ya silindri. Ukidhani maji yameingia mle, usiwashe kabisa. Pistoni haiwezi kubana maji, itapinda biele, na deni linakuwa mara mbili.

Si kwamba jointi haiungui. Kwenye shimo moja la koltani, motopompi ya mazutu ilitoa mapovu kama sufuria ya ugali, na diriti iliruka juu kwa nusu dakika. Hapo tulikubali kilasi ifunguliwe. Mwenye pompi alikuwa tayari amemwandikia deni kijana wa usiku, aliyekuwa na wiki tatu kazini. Tuliomba jointi ya zamani isitupwe. Fundi aliweka rula ya chuma juu ya kilasi, mwanga ukapita katikati: ilikuwa imepinda. Hilo peke yake halisemi nani mkosaji, sababu joto la usiku mmoja linaweza kupinda kilasi. Lakini jointi ilikuwa na alama mbili za kubanwa, moja pembeni ya ingine, na gundi ya zamani kwenye matundu. Ilikuwa imeshatumika kwenye motere, ikatolewa, ikarudishwa. Jointi ya kilasi inabanwa mara moja tu katika maisha yake. Deni la kijana likafutwa, ijapokuwa mwenye pompi hakufurahi, na wiki mbili hakutusalimia.

Motopompi ndogo za esanse zenyewe zinapozwa na upepo, hazina radiatere, usikubali mtu akuambie zimekosa maji. Motere za mulini zenye tanki la maji lililo wazi juu, hizo zinapunguza maji kila siku kwa kuchemka, njo zilivyotengenezwa. Kazi yako ni kuongeza. Na motere za pirogi pale Vitshumbi zinavuta maji ya ziwa: kale kamfereji kanakoruka pembeni kakikatika, zima, angalia kama majani ao mfuko umeziba njia.

Kuna dawa za barabarani ambazo hatuzipendi. Yai kwenye radiatere, pilipili, sabuni, unga wa kuziba. Zinaweza kukufikisha nyumbani siku moja, kisha zinaziba mirija midogo, na kamio iliyokuwa inavuja inakuwa kamio inayochemka. Kutoa termostati “juu huku kuna joto” ni desturi ya garaji nyingi. Motere inakuwa baridi mno kwenye mteremko, inakula mazutu zaidi, na kwenye motere nyingine maji ya moto yanapata njia ya mkato bila kupita radiatere. Ikiwa imekufa, weka nzima.

Na bushoni ya moto haifunguliwi. Haijalishi haraka ya samaki, haijalishi patroni anapiga kelele kwenye simu. Presha ikitoka, maji yote yanachemka mara moja na kuruka kwenye uso. Ngojeni nusu saa na zaidi, mpaka diriti ya juu ishikike na kubonyea. Wala usimwagie motere ya moto maji baridi ya mtoni, kilasi inapasuka. Yale maji ya rangi ya dukani ni matamu, na ni sumu: wamama, msiweke kwenye chupa ya Fanta fasi watoto wanafika, na yakitolewa yasimwagwe ziwani.

Tunachodai kwa wenye motere ni kidogo. Mbele ya kumwandikia mtu deni, vipimo vya baridi vifanyike na yeye akiwa pale. Jointi iliyotolewa ionyeshwe, isitupwe. Na kila motere iwe na kaye: tarehe, lita zilizoongezwa asubuhi, hali ya mafuta, sini ya anayeacha zamu na ya anayeipokea. Motere inayoanza kupoteza nusu lita leo na lita moja wiki ijayo imeshasema, na kaye inaonyesha nani aliambiwa na hakufanya kitu.

Kwenye mashimo mawili walikubali. Kwenye la tatu PDG alisema atafikiri kwanza. Pompi yake inapoteza lita mbili kwa siku, na kijana wa usiku anaziandika hata hivyo, kwa makaa, kwenye ubao wa mlango.