MJUMBE WA BARAZA NA DENI LA KURA

Tangu 1973, ilipoamuliwa Makao Makuu ya Serikali yahamie Dodoma, ardhi ya uwanda huu wa Wagogo imepanda thamani, na magomvi ya mipaka yamepanda nayo. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya 1985 ilikabidhi mashauri madogo kwa wakazi waliochaguliwa na Kamati ya Kata. Sheria ya mahakama za ardhi ya 2002 ikataka wajumbe wanne hadi wanane, watatu kati yao wawe wanawake.

Mwaka 2021 mabaraza yaliondolewa uwezo wa kuamua kesi za ardhi, yakabakiwa na usuluhishi. Siku 30 zikipita bila suluhu, shauri laweza kuendelea katika Baraza la Ardhi la Wilaya. Wako wadhanio kuwa cheo kimeshuka. Sisi hatuoni hivyo. Mwamuzi huamuru, msuluhishi hana silaha ila uadilifu wake. Mjumbe akipokea hata jogoo mmoja, nani ataiheshimu suluhu yake?

Basi, viongozi wa kata, teueni waadilifu, si mashabiki. Nanyi wajumbe, kumbukeni kwamba kura mliyopewa si deni la kulipwa barazani.