Tanzania: Darasa la kwanza lajengwa juu ya KKK

Nchini Tanzania, mwaka wa masomo huanza mwezi Januari. Tangu mwaka 2015, mtaala wa madarasa mawili ya mwanzo umejikita katika stadi tatu zinazojulikana kama KKK: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu.

Asubuhi wanafunzi hufanya usafi, hupanga mstari, kisha mwalimu huita majina darasani. Kusoma huanza kwa sauti za irabu. Irabu ikiunganishwa na konsonanti huzaa silabi, kama «ma». Silabi mbili huwa neno: «mama». Katika hesabu, watoto hutumia vijiti, mawe madogo na vizibo vya chupa.

Lugha ya kufundishia katika shule nyingi za serikali ni Kiswahili. Hata hivyo, mtoto wa kijijini mkoani Kigoma aliyelelewa kwa Kiha, lugha iliyo karibu sana na Kirundi, hulazimika kujifunza herufi na lugha kwa wakati mmoja, mara nyingi katika darasa lililojaa. Afikapo darasa la pili hupimwa stadi hizo za KKK. Asiyemudu kusoma mapema hutatizika pia katika masomo mengine, kwani nayo husomwa vitabuni.